Namba Tisa ya Lennart

Wambui, uliniambia, "Mzee, wewe andika tu, hata ukiandika vibaya tutaelewana." Basi naandika. Nimeacha kazi kabla ya wakati wake kwa sababu mikono imekataa. Vidole vya kulia havikunjiki asubuhi mpaka nivitie kwenye maji ya moto, na mgongo unanikumbusha kila sanduku nililoliinua. Nimechoka, na sioni haya kulisema. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho tulichokuwa tukisalimiana nacho, wewe na chako cha Nairobi, mimi na changu cha Bukavu. Kiswidi changu ni cha karakana na cha kujaza fomu, hakijui kuomba radhi.

Uliniomba nieleze jinsi ski za mlima wote zinavyomchukua mtu huyu na kumkataa yule, maana wateja watakuuliza kila siku kama ski fulani ni nzuri. Nitaeleza. Lakini kuna jambo jingine umelisikia juujuu tu: kwamba Lennart, fundi mwenye hiyo meza ya karakana kabla yangu, alivunjika mguu kwa sababu ya uzee, akaacha kuteleza. Si kweli. Mguu ule niliuvunja mimi kwa bisibisi, nikanyamaza miaka mitatu.

Nianze na siku ya kwanza. Ofisi ya kazi ilinituma karakanani na karatasi iliyoandikwa kwamba mimi ni seremala. Nilikuwa nimekaa mtaa wa wahamiaji wa Vårby gård miaka miwili, nikisoma Kiswidi na watu waliokuwa madaktari na walimu kwao, sote tukirudia kwa pamoja kwamba kikombe kiko juu ya meza. Theluji nilikuwa nimeizoea kama mtu anavyomzoea jirani mgomvi. Ski, hizo mbao ndefu za kutelezea thelujini, nilikuwa nimeziona kwenye televisheni.

Lennart hakuisoma karatasi. Alikuwa mtu mkubwa, kilo tisini na kitu, mwenye ndevu nyeupe na aproni iliyokauka nta hadi ikasimama yenyewe. Alibana ski moja kwenye jiliwa, makali yake yakiwa na kutu, akanipa tupa, akaenda kunywa kahawa. Bukavu nilikuwa nikinoa misumeno yangu mwenyewe tangu ujana. Nikaanza. Aliporudi alipitisha mgongo wa ukucha wa kidole gumba kwenye makali, ukatoa unga mweupe. Akautazama ukucha, akanitazama mimi.

"Umejifunzia wapi?"

"Kwa baba yangu. Kwenye msumeno."

"Basi unajua nusu. Nusu nyingine ni kwamba msumeno haubebi mtu."

Hayo ndiyo yalikuwa mahojiano yangu ya kazi. Jina lake alinitaka nimwite Lennart, tupu, kama wanavyoitana wote hapa mpaka mkurugenzi. Mdomoni nilimwita Lennart. Moyoni nilimwita Mzee, na hapo ndipo matatizo yalipoanza, ingawa mwenyewe sikujua.

Majira ya baridi ya kwanza nilikaa kwenye nta na makali tu. Ya pili akanifundisha vishikizo, yaani ile mitambo inayoshika buti juu ya ski na kuliachia mtu anapoanguka. Wewe unajua, lakini nakuandikia wewe na watakaokuja baada yako: ndani yake mna springi, na springi ina namba. Ikiwa ndogo mno, ski inakutoka katikati ya mlima bila sababu. Ikiwa kubwa mno, unaanguka na ski inabaki na mguu wako, ikiuzungusha inavyotaka. Namba haitoki kichwani. Inatoka kwenye jedwali lililo ukutani, na jedwali linataka kilo, kimo, urefu wa soli ya buti, mtindo wa mtu kuteleza, na umri. Aliyepita hamsini anashushwa mstari mmoja.

"Watakudanganya," Lennart aliniambia. "Wanawake kwenye kilo, wanaume kwenye ujuzi, na wote kwenye umri. Uliza tena. Ukiona haya, kumbuka mguu si wako."

Mimi niliona haya. Kwetu mtoto hamwulizi mzee miaka yake, na akitoka hospitali unamwambia amenenepa hata kama suruali inamdondoka. Kwa wageni nilijilazimisha. Nilijifunza kuuliza nikiwa nimeinamia kadi, kama vile anayeuliza ni kadi.

Sasa ski zenyewe. Mwishoni mwa kila msimu tuliletewa jozi za mwaka unaofuata, tukazijaribu kwenye kile kilima cha mjini ambacho watu wa milimani hukicheka. Lennart alishikilia niende. Alisema siwezi kunoa kitu ambacho sijawahi kusimama juu yake. Basi mimi, baba wa watoto wanne, nilijifunza kuteleza kati ya watoto wa chekechea waliofungwa kamba kiunoni. Walinipita wakinipungia mkono kwa huruma.

Mwaka mmoja ililetwa jozi iliyosifiwa kwenye magazeti yote. Ski za mlima wote zimetengenezwa zifanye kazi kote: kwenye njia ngumu iliyokandwa na mashine, kwenye theluji laini, kwenye ile iliyovurugwa mchana. Hizi zilikuwa za hali ya juu, pana kiasi katikati, na ndani zimelazwa mabati mawili membamba juu ya mbao. Tukazipanda watu watatu kwa zamu. Lennart alishuka nazo kama treni kwenye reli. Aliziegemeza, zikakata theluji bila kutikisika, hata pale palipokuwa na barafu ya rangi ya kijivu. Akafika chini akicheka, akasema ndizo ski bora alizowahi kupanda. Annika wa kaunta, kilo hamsini na tano na mwenye miguu mizuri sana ya kuteleza, alirudi amenuna. Alisema kwa mwendo wake zilikuwa zimelala. Alipozitaka zigeuke zilitafakari kwanza. Hakuwa na uzito wa kuzikunja, na ski isiyokunjika haigeuki. Kisha nikapanda mimi. Mimi nilikuwa na uzito lakini sikuwa na ujuzi. Nilikaa nyuma kwa woga kama wanavyokaa wanafunzi wote, na ski ngumu ukikaa nyuma inakutoroka. Zilinipeleka moja kwa moja mpaka kwenye uzio wa nyavu, nikaning'inia humo mpaka Lennart aliponitoa.

"Haya," alisema huku akinipangusa mgongo. "Ski ni mbaya?"

"Hapana. Mimi ndiye mbaya."

"Hakuna aliye mbaya. Hamjaoana, basi."

Somo lote liko hapo, Wambui, mengine ni mapambo. Bati linampa utulivu mtu mzito, mwenye kasi, anayejua kuegemea mbele. Mtu huyohuyo ukimpa ski laini atalalamika kwamba pua, yaani ncha za mbele, zinapigapiga kwa kasi. Mwepesi, au mtulivu, au anayejifunza, mpe yenye mbao tupu, pua imeinuka kidogo, fupi kwa upana wa kiganja. Atafurahi, hatajua kwa nini, na hatakushukuru. Wa hali ya juu si lazima awe kijana na mwanzilishi si lazima awe mzee. Tazama magoti anapotembea dukani, na mtazame anavyoshika ski mkononi. Usimsikilize sana.

Namkumbuka pia daktari mmoja wa meno aliyenunua jozi hiyohiyo kwa sababu gazeti liliisifu. Aliirudisha mara tatu akidai makali yamekufa. Mara mbili niliyanoa upya nikijua hayana shida, nikamwambia, "Sasa zitakaa sawa." Mara ya tatu Lennart alinisukuma pembeni kwa kiwiko.

"Makali ni mazima," alimwambia. "Ski hizi zinataka mtu anayezibana, na wewe huzibani. Una uzito mdogo na unapenda kushuka polepole, jambo ambalo si dhambi. Chukua zile pale."

Mtu yule aliwiva uso. Mimi nilijificha nyuma ya mashine ya kunolea, nikingoja tufukuzwe kazi wote wawili. Wiki mbili baadaye alileta maandazi ya mdalasini, sanduku zima, akasema hajawahi kuteleza vizuri vile. Nilikula matatu, na bado nikaona kwamba Lennart hakuwa na adabu. Nawaambia ukweli wa nilivyokuwa.

Miaka ikaenda. Msimu mmoja wa vuli Lennart akaugua tumbo, akafanyiwa upasuaji, akakaa nje miezi mitatu. Aliporudi alikuwa ametoboa matundu mapya kwenye mkanda, mawili, kwa msumari. Nilimwambia anaonekana mzima. Alikuwa na miaka sitini na sita, na umri huo niliujua kwa sababu tulikuwa tumekula keki yake.

Mwezi wa tatu alijinunulia ile jozi ya mabati, toleo jipya, zawadi ya kupona. Kwa miaka yote alikuwa akijifungia vishikizo mwenyewe, lakini siku hiyo mikono ilikuwa ikitetemeka kidogo kwa dawa. Akaniletea mezani pangu.

"Nifungie, Deo. Kama kawaida."

Kama kawaida maana yake tisa. Hapo karakana tulikuwa na desturi: mgeni anajaziwa kadi nzima na kutia sahihi, lakini mtu wa nyumbani hajaziwi. Kila mmoja alikuwa na namba yake na wote tuliijua, kama mnavyojua nyumbani nani anatia sukari ngapi kwenye chai. Kadi ya Lennart kwenye droo ilikuwa na vitu viwili tu, jina na tisa. Aliiandika akiwa na arobaini na kidogo, akiwa kilo tisini na tano.

Nilitoboa, nikatia gundi, nikakaza skrubu. Kisha nikachukua bisibisi ya springi, na jedwali likawa mbele ya macho yangu ukutani. Sikuhitaji hata kulikaribia. Kilo sabini na mbili hivi, kwa macho. Miaka sitini na sita. Ametoka kitandani. Jedwali lilisema sita. Nilijua kwamba nikizungusha mpaka sita ataona, maana namba iko kwenye kidirisha kidogo juu, na akiona itakuwa nimemwambia mbele ya watu: Mzee, umekonda, umezeeka, si yule tena. Mimi niliyepewa naye tupa mkononi ndimi wa kumwambia hivyo? Nikaweka tisa, mbele na nyuma. Alipitisha kidole juu ya kidirisha, akaridhika. Mganga hajigangi, na mimi sikumganga pia.

Jumamosi ile tulikuwa naye kilimani. Theluji ilikuwa ya mwisho wa msimu, nzito, yenye maji. Alishuka mara mbili vizuri sana. Mara ya tatu alikuwa karibu amesimama, anageuka taratibu kurudi kwenye foleni ya lifti, ski ya kushoto ikazama kwenye theluji ile na mwili ukaendelea kuzunguka. Alianguka kwa mwendo wa mtu anayekaa kitini. Ski haikuachia. Nilikuwa hatua kumi kutoka pale, na nilisikia mfupa.

Kwa namba sita ski ingemtoka, angeivaa upya akitukana, tukacheka.

Hospitali walimtia chuma chini ya goti. Dukani walikagua kishikizo, wakakuta tisa, na Lennart mwenyewe akawaambia kitandani kwamba tisa ni yake miaka ishirini na zaidi. Jambo likaishia hapo. Meneja alinipa meza ya Lennart. Nilizungusha springi za watu wengine kwenye meza ile kila siku, na hakuna kadi hata moja tena iliyonipita bila umri. Wewe ulipoanza kazi ulinicheka kwamba namwuliza hata bibi wa miaka themanini. Sasa unajua.

Mguu ulipona. Kufikia vuli daktari alimwambia ruksa, ateleze. Lakini Lennart hakutaka. Nilikuwa nikimtembelea kwake Spånga kila mwezi, nimebeba sambusa za mke wangu, na kila mara nilimkuta amekaa dirishani akitazama theluji ya bustani.

"Ningeanguka kwa kasi ningerudi," aliniambia majira ya baridi ya kwanza. "Nilianguka nikiwa nimesimama, Deo. Mwili ukishafika hapo umekwisha. Miguu ilikuwa inanidanganya."

Nami nikamwambia, "Pole." Neno hilo tu. Niliona jinsi lilivyokuwa dogo, nikaaga. Hakuumizwa na mfupa. Aliumizwa na kuamini kwamba miguu yake ndiyo iliyomwangusha, na mtu mmoja tu duniani aliyeweza kumtoa kwenye imani hiyo alikuwa amekaa mbele yake anakula biskuti. Majira ya pili yakapita hivyo. Ya tatu pia.

Nyumbani walijua. Mke wangu alichoka kuniona nikipiga magoti kila usiku na kuamka na uso uleule.

"Baba Bahati, ule muzee anaikala pa dirisha juu yako," aliniambia kwa Kiswahili chetu cha Bukavu: anakaa dirishani kwa sababu yangu. "Unaomba Mungu akusamehe. Haiko Mungu njo alivunjika muguu." Yaani si Mungu aliyevunjika mguu.

Binti yetu Bahati, aliyekuwa akikaanga mayai, hakugeuka. "Säg det bara, pappa," alisema. Sema tu, baba. Watoto waliokulia hapa huona kila jambo ni la kusema tu.

Aliyenisukuma mwishowe ni wewe, na huenda hukumbuki. Ulikuwa na wiki chache kazini, unasafisha droo. Ukashika kadi ya zamani, ukasema, "Mzee, huyu Lennart amewekwa tisa na hakuna umri. Alikuwa na miaka mingapi?" Nikakwambia sitini na sita. Ukasema, "Sasa aliyemfungia alikuwa anafikiria nini?" ukaitupa kwenye pipa ukaendelea na kazi. Hukuwa na hasira. Uliuliza kama mtu anayeuliza saa. Mimi nilikwenda chooni nikakaa humo mpaka mtu akagonga.

Jumapili iliyofuata nilitoka kanisani, nikapanda treni mpaka Spånga bila sambusa. Nilimwambia tukiwa jikoni, nimesimama, koti bado mwilini, kwa Kiswidi changu kibovu. Nilimweleza jedwali, mkanda wenye matundu, bisibisi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Firiji ilikuwa ikinguruma.

"Jedwali lilisema ngapi?"

"Sita."

"Na uliliona?"

"Niliona."

"Kwa nini basi?"

"Niliona haya kukuambia kwamba umekonda."

"Nilikuwa na kioo nyumbani, Deo." Akaiweka mikono juu ya meza. "Mguu, mfupa, hayo ningekusamehe palepale hospitali. Namba nilikubali mwenyewe. Lakini ulikuja hapa kila mwezi. Ulinisikia nikisema. Ukala biskuti zangu. Hiyo ni heshima ya namna gani, inayomkalisha mtu kwenye kiti miaka mitatu?"

Nililia, na hakunizuia.

Baadaye aliinuka, akashuka ngazi za chini ya nyumba akishika ukuta, akapanda na ile jozi ya mabati. Bado ilikuwa na tope kavu la siku ile. Akasimamisha moja sakafuni, mkono mmoja kwenye pua, mwingine katikati, akasukuma jinsi alivyonifundisha kupima ugumu wa ski. Haikukunjika. Akasukuma tena kwa uzito wake wote, na uzito wake wote haukuwa mwingi.

"Nimefika sitini na tisa," alisema huku anahema. "Kilo sitini na nane. Niambie kama fundi. Hizi zinanifaa?"

Mdomo ulikuwa tayari na ndiyo. Ulikuwa tayari maisha yangu yote.

"Hapana," nikasema. "Zimekushinda. Unahitaji laini, na fupi zaidi."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayesahihisha hesabu na kuiona iko sawa. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Na majira yale yaliyofuata, nilipopona? Kwa sita, zingenifaa?"

"Zilikuwa zako, Lennart."

"Na yaliyofuata?"

"Bado zilikuwa zako."

Aliilaza ski juu ya meza, akaifuta tope kwa kiganja kuanzia puani mpaka mkiani.

"Na mwaka jana?"

Nikamwambia, "Na mwaka jana pia."